Kukagua aksheni ya Mauser iliyobadilishwa kwa kutumia picha za mtandaoni

Bunduki nyingi za kivita zilizotoka Oberndorf, Berlin, Herstal na Brno kuanzia mwaka 1898 hazikubaki kama zilivyoacha kiwanda. Baada ya vita zote mbili za dunia ziliuzwa kwa bei ya kutupa, na mafundi wa Marekani, Uingereza na Ujerumani wakazigeuza kuwa bunduki za kuwindia. Mtutu ulibadilishwa, kitako kikachongwa upya, nembo ya jeshi ikasagwa, mashimo ya darubini yakatobolewa. Leo vyuma hivyo vinauzwa kwenye minada ya mtandaoni, mara nyingi bila mtutu wala kitako: umebaki mwili wa chuma (risiva), bolti yake na sahani ya chini yenye kilinda triga. Hicho ndicho kinachoitwa aksheni.

Mwongozo huu unamhusu mkusanyaji au mmiliki halali wa silaha anayeona tangazo lenye picha sita na maneno matamu, na anataka kujua chuma kile kilizaliwa wapi na kinastahili pesa gani. Nazungumzia Mauser ya 1898 na ndugu zake wakubwa kwa wadogo, kwa sababu ndizo nyingi zaidi sokoni na ndizo zinazodanganya watu zaidi. Utaratibu wangu ni kuanza na chuma. Maelezo ya muuzaji nayasoma mwisho. Grinda hufuta yaliyo juu, lakini fundi aliyekuwa anatafuta urembo hakuwa na sababu ya kugusa yaliyofichwa na ubao wa kitako.

Hatua ya kwanza: sheria, kabla ya picha

Katika nchi nyingi aksheni tupu inahesabiwa kuwa silaha kamili au sehemu muhimu ya silaha. Marekani, chini ya Gun Control Act ya 1968, risiva ndiyo bunduki yenyewe kisheria, kwa hiyo ukinunua mtandaoni kutoka jimbo lingine hutumwa kwa mfanyabiashara mwenye leseni, nawe unaichukua kwake. Uingereza inahitaji cheti na kupitia muuzaji aliyesajiliwa, na Ujerumani nako ni kibali. Kwa ndugu zetu walioko nyumbani jambo halina mjadala: Kenya kuna Firearms Act, Sura ya 114, na bodi ya leseni, Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya 2015. Usiagize hata bolti peke yake kwa posta ukidhani ni kipuri cha kawaida.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo huingia moja kwa moja kwenye bei, nalo linahusu Marekani. Sheria ya shirikisho inaihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale, na masharti ya usafirishaji hulegea, ingawa majimbo yana sheria zake. Kinachoangaliwa ni umri wa risiva, hata kama mtutu ni mpya. Ndiyo maana aksheni ya Chile ya mwaka 1895 yenye maandishi ya Ludwig Loewe wa Berlin hupanda bei kuliko nguvu yake inavyostahili. Kampuni ya Loewe iliingiza biashara yake ya silaha katika DWM, kampuni ya silaha ya Berlin, mwishoni mwa miaka ya 1890, kwa hiyo jina hilo kwenye ukuta wa risiva ni ushahidi wa umri. Anayeilipia anunua hadhi ya kisheria, na ajue hivyo. Kama chuma, hiyo ni Mauser ya kizazi kilichotangulia ile ya 98.

Hatua ya pili: tenganisha vizazi

Swali la kwanza ni hili: ni 98 kweli, au ni 93, 95 au 96? Matangazo mengi huandika "Mauser 98" kwa kila kitu chenye bolti.

Angalia bolti ikiwa nje. Bolti ya 98 ina meno mawili makubwa mbele na jino la tatu la usalama nyuma, karibu na mkono wake. Ya 93 na 95 haina hilo jino la tatu. Angalia pia kofia ya nyuma ya bolti: ya 98 ina ukingo mpana wa kukinga gesi isimfikie mpigaji usoni ikiwa ganda la risasi litapasuka. Kama kuna video, tazama mwenye nayo anavyoifungua. Ya 98 hukaza springi ya pini wakati wa kuinua mkono wa bolti. Zile za zamani hukaza wakati wa kuisukuma mbele, na utaona mkono wake ukisita mwishoni.

Halafu omba kipimo cha pete ya mbele, yaani sehemu ya duara ambamo mtutu huingia. Mwombe muuzaji aweke kalipa (kifaa cha kupimia unene) juu yake na apige picha. Pete kubwa ni takriban milimita 35.8, pete ndogo takriban 33. Pete ndogo peke yake haimaanishi kwamba si 98: karabini ya Kijerumani ya Kar98a ina pete ndogo, na ile G33/40 ya Brno pia. Ndiyo maana kipimo lazima kisomwe pamoja na bolti.

Urefu nao ni muhimu. Risiva ya kawaida ya kijeshi ina takriban milimita 222. Ile ya kati, kama ya M48 ya Yugoslavia, ni takriban 216. Tofauti hiyo ndogo huonekana haina maana mpaka ununue kitako kilichochongwa tayari na skrubu zikatae kuingia kwenye matundu yake.

Hatua ya tatu: soma yaliyosagwa

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi.

Anza na ukuta wa kushoto. Risiva ya kijeshi ina pengo lililochongwa juu ya ukuta huo, mahali pa kidole gumba kupita mtu anaposukuma risasi kutoka kwenye klipu. Pengo likiwepo, chuma hicho kilizaliwa jeshini au kilifuata kielelezo cha jeshi, hata kama leo kina nakshi za maua ya dhahabu. Kama halipo, angalia kwa makini: huenda ni aksheni ya kibiashara, au kuna mtu amelijaza kwa kuchomelea. Mahali palipochomelewa hupokea rangi ya bluu-nyeusi tofauti kidogo na chuma cha jirani, na mwanga ukija kwa pembe utaona mpaka.

Nenda kwenye daraja la nyuma. Bunduki ya jeshi ilikuwa na mwinuko wa kuingizia klipu. Mafundi huusaga ili darubini ikae chini. Fundi mzuri alifuata duara la chuma mpaka daraja likaonekana limezaliwa hivyo; mbaya aliacha bapa, akaziba kwa kipande cha kushikia darubini. Omba picha bila hicho kipande.

Sasa pete ya mbele. Mara nyingi nembo ya nchi imesagwa, na wakati mwingine si fundi aliyeisaga: Argentina ilijulikana kwa kufuta nembo yake kabla ya bunduki zake kuuzwa nje. Mwombe muuzaji azime taa ya juu, ashike tochi karibu na chuma, mwanga upite sambamba na uso wake. Nembo iliyosagwa juu juu huacha kivuli cha bonde. Ukiona umbo la yai katikati ya pete limebonyea kidogo, au duara la juu limekuwa bapa, kuna kitu kilikuwa pale. Bapa kubwa ni habari mbaya zaidi ya nembo kupotea, kwa sababu risiva nyingi za zamani zilitengenezwa kwa chuma laini kilichogumishwa ngozi ya nje tu. Ukisaga sana, unaondoa ngozi.

Baada ya hapo, maandishi yaliyobaki. Watu husaga juu ya pete na kusahau ukuta wa kushoto. Ukisoma "Mod. 98" pale, unashika karabini ya K98k ya miaka ya 1930 na 1940. Pete yake ilikuwa na msimbo wa kiwanda na mwaka: "byf" ni Mauser Oberndorf, "bnz" ni Steyr, "ce" ni J.P. Sauer, "dot" ni Brno chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Ukisoma "Gew. 98" kwa herufi za Kijerumani cha zamani, hiyo ni bunduki ndefu ya Vita vya Kwanza, na pete yake huenda ikawa na jina la Spandau, Danzig, Amberg au Erfurt. Baadhi yake zina mwaka wa pili, 1920, uliogongwa juu ya ule wa kwanza. Huo ulikuwa muhuri wa umiliki wa jeshi la Ujerumani baada ya vita. Wauzaji huuita mwaka wa kutengenezwa. Sio.

Maneno marefu ya Kifaransa yenye jina la Herstal ni ya kiwanda cha FN, Ubelgiji. Československá Zbrojovka ni Brno.

Chukua tangazo la namna hii: "Mauser ya kifahari, kabla ya vita, kazi ya fundi bingwa." Nembo hakuna. Pengo la kidole lipo, kwa hiyo ni ya jeshi. Pete ni kubwa. Sahani ya chini ina bawaba, na kitasa chake kidogo kimekaa ndani ya kilinda triga, upande wa mbele. Bunduki za jeshi zenye sahani ya namna hiyo ni chache, na ya kwanza kuja akilini ni Argentina ya 1909 iliyotengenezwa na DWM. Omba picha ya ukuta wa kushoto, na huenda ukasoma "Modelo Argentino 1909" ambayo muuzaji hakuiandika kwa sababu hakujua inapandisha bei. Kama ukuta ni safi, bado usikate shauri: sahani hutoka na huuzwa peke yake, na kuna waliofunga sahani ya Argentina kwenye risiva ya nchi nyingine.

Hatua ya nne: mihuri ya majaribio

Ujerumani, Uingereza, Ubelgiji na Hispania zina nyumba rasmi za kujaribu silaha kabla ya kuuzwa, na mihuri yake hueleza safari ya bunduki vizuri kuliko mwenye nayo. Taji juu ya herufi B, U, G au N ni Ujerumani kabla ya 1940. Tai juu ya N ni baada ya hapo. Herufi ELG ndani ya umbo la yai ni Liège. BP na BV chini ya taji ni Birmingham. Na kuanzia 1925 Waingereza waligonga "NOT ENGLISH MAKE" kwenye silaha za kigeni zilizopita mikononi mwao. Ukiikuta, ujue bunduki ilipitia Uingereza, na hilo ni kweli hata kama hadithi ya muuzaji inaanzia Texas na kuishia Texas.

Marekani haina nyumba ya majaribio ya serikali, kwa hiyo bunduki iliyobadilishwa kule kukosa mihuri ya majaribio si kasoro. Kinachosaidia upande wa Marekani ni alama ya mwagizaji: sheria ya 1968 iliwalazimu waagizaji kugonga majina yao. Chuma cha kijeshi kisicho na alama hiyo mara nyingi kiliingia kabla ya hapo, wakati mwingine kwenye mkoba wa askari aliyerudi kutoka Ulaya. Lakini alama ndogo kwenye mtutu hupotea mtutu ukibadilishwa, kwa hiyo huu ni ushahidi wa kusaidia tu.

Hatua ya tano: ubora wa mkono uliobadilisha

Aksheni ikishabadilishwa, thamani yake ya kijeshi karibu yote imekwenda na hairudi. K98k yenye namba zinazolingana sehemu zote ni kitu kimoja; K98k hiyo hiyo ikitobolewa mashimo manne ni kitu kingine kabisa. Kuanzia hapo unanunua vitu viwili tu, chuma cha asili na kazi ya fundi.

Mashimo ya darubini yahesabiwe. Mawili mbele na mawili nyuma, au moja nyuma, ni kawaida. Mashimo sita saba, mengine yamezibwa kwa skrubu, yanaonyesha mtu aliyekosea mstari wa katikati akajaribu tena. Mstari huo upime kwa macho: picha ya juu, mashimo yote yaangukie kwenye mstari mmoja na tundu la mtutu.

Mkono wa bolti ulionyooka wa jeshi hukunjwa ili upite chini ya darubini. Ama umepashwa moto na kugongwa, ama umekatwa na kuchomelewa mpya. Omba picha ya karibu ya shina la mkono na ya mkato wa mshazari ulio nyuma ya bolti, ule unaorudisha pini nyuma. Kama eneo hilo lina rangi ya samawati au majani makavu, joto lilifika, chuma kimelainika, na mkato huo utalika mapema. Kwangu hilo ni sababu tosha ya kuacha bolti, hata kama risiva ni nzuri.

Kisha ndani ya magazini. Waliotaka risasi ndefu kama .375 Holland & Holland ndani ya risiva ya urefu wa kawaida walilazimika kukata mteremko wa kupandishia risasi. Mteremko huo uko mbele kabisa, na chuma kilicho nyuma ya jino la chini la bolti ndicho kinachobeba msukumo wa mlipuko. Kila milimita iliyokatwa pale imeibwa kutoka kwenye nguvu ya bunduki. Ukiona mteremko umechimbwa mpaka kiti cha jino la chini kimebaki chembamba, usiinunue kwa bei yoyote, na usishawishiwe na nakshi wala mbao ya jozi.

Ubaya mwingine ni mibonyeo kwenye viti vya meno, inayotokana na risasi zenye msukumo mkubwa kwenye chuma laini. Haipigiki picha kirahisi. Muulize muuzaji kama mkono wa bolti ni mzito kuinuka bunduki ikiwa tupu. Argentina ya 1909 ina sifa ya kulainika, na mafundi wengi wa Marekani huipeleka kwanza kugumishwa upya kabla ya kuifunga mtutu. Gharama hiyo itoe kwenye bei unayotaja. Nje ya familia ya Mauser ya Ujerumani kuna onyo kama hilo lenye namba kabisa: Springfield ya 1903 ya jeshi la Marekani yenye namba chini ya 800,000, na ile iliyotengenezwa kiwanda cha Rock Island yenye namba chini ya 285,507, zina risiva zinazoweza kupasuka, na hazifai kupigwa risasi hata ziwe zimerembwa vipi.

Hatua ya sita: hadithi

Sasa ndiyo soma maelezo. Hadithi za Afrika huuza, na sisi wa upande huu tunapaswa kuwa wa mwisho kuzinunua bila ushahidi.

"Bunduki ya askari wa Lettow-Vorbeck", kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ni maarufu. Vita vilipoanza 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi lake la kikoloni, walikuwa bado na bunduki za mfano wa 1871, zinazotoa moshi mzito wa baruti nyeusi. Mauser za kisasa ziliongezeka baada ya meli ya Rubens kufika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, na Marie kufika Sudi karibu na Lindi mwaka 1916. Kwa hiyo hadithi yaweza kuwa kweli kwa Gew. 98. Kwa risiva yenye "Mod. 98" haiwezi, kwani K98k ilipokelewa jeshini 1935, na jeshi lile lilisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, Novemba 1918. Herufi K.S. za Kaiserliche Schutztruppe zikionekana mpya kuliko maandishi ya jirani, kuna mtu mwenye nyundo na tamaa.

Jina lingine ni Rigby, watengeneza bunduki wa London. Mwindaji W.D.M. Bell aliwinda tembo Karamoja, Uganda, kwa .275 Rigby, na tangu hapo kila Mauser ya risasi ya 7x57 yenye kitako chembamba imepewa ujamaa naye. Rigby ya kweli ina mihuri ya Kiingereza na namba inayopatikana kwenye daftari za kampuni. Barua ya uthibitisho huombwa na hulipiwa. Vivyo hivyo kwa Holland & Holland, na kwa Griffin & Howe wa New York, walioanza 1923 na kuzipa kazi zao namba. Jina lisilo na namba ni maandishi tu.

Hatua ya saba: bei

Usiangalie bei inayoombwa. Tafuta minada iliyokwisha na uangalie bei iliyolipwa, kwa aksheni ya aina ile ile na hali ile ile. Kwa mpangilio wangu, juu kabisa zimekaa aksheni za kibiashara za Oberndorf, hasa zile ndefu za risasi kubwa na zile fupi. Zinafuatiwa na G33/40, iliyopunguzwa uzito kwa mikato kiwandani. Chunga usiuziwe vz. 33 ya Kicheki, mama yake, kwa bei ya binti. Halafu Argentina ya 1909, FN za kibiashara zisizo na pengo la kidole, kisha vz. 24 ya Kicheki, Brazil ya 1908 na K98k za kabla ya vita. Zile za 1944 na 1945 zina alama za mashine zisizosuguliwa na hazina sababu ya kuwa ghali. M48 ni chuma kizuri kwa bei ndogo. Za 93 na 95, ukiondoa suala la Loewe, ni za chini.

Fursa bado zipo. Bunduki za J.C. Higgins Model 50 zilizouzwa na duka la Sears zilijengwa juu ya aksheni ya FN, na muuzaji asiyejua huziweka bei ya bunduki ya dukani. Husqvarna nyingi za zamani nazo zina FN ndani.

Ongeza kamisheni ya mnada, usafiri, ada ya mfanyabiashara mwenye leseni na kazi ya fundi kabla ya kutaja kiwango chako. Kisha mwandikie muuzaji akuthibitishie siku za ukaguzi na haki ya kurudisha. Ikifika, usiitie risasi. Mpelekee fundi wa silaha apime ugumu wa pete na viti vya meno, na kama ina mtutu, apime kwa geji mwanya unaobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Bolti yenye namba tofauti na ya risiva si kosa yenyewe, lakini bila kipimo hicho isipigwe. Majibu yakiwa mabaya na siku za ukaguzi hazijaisha, irudishe siku hiyo hiyo pamoja na karatasi ya fundi.